Barua ya wazi: Presha haianzii hospitali, waheshimiwa

Kwa waheshimiwa mlioshika afya, biashara na fedha, wa kaunti yetu ya Mombasa na wa serikali kuu,

KUH: KUUKATA UGONJWA KABLA HAUJAFIKA HOSPITALI

Waheshimiwa, asalam aleikum, na kwa wasio Waislamu hamjambo nyote.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, na kazi yangu ni CHP, yaani mhamasishaji wa afya ya jamii. Nyumba zangu ni kama mia moja hivi, nabeba mashine ya presha na ile ya sukari na kupita mlango kwa mlango. Barua hii sikutaka kuiandika hapa mbele za watu. Nilianza vile adabu inavyotaka, ya kwanza nikaipeleka mwenyewe ofisini ikapigwa muhuri, ya pili nikaambiwa mkubwa yuko safari, ya tatu nikaambiwa nitapigiwa simu na hio simu mpaka leo haijalia. Kikao kimoja nilikipata, dakika kumi, na mheshimiwa niliemkuta akaniambia kwa upole kabisa kwamba shida ya watu wetu ni vile wanavyoishi, wapunguze chumvi, wapunguze mafuta, wafanye mazoezi. Nikatoka pale nikashuka ngazi polepole nikijiuliza huyu mtu mara ya mwisho kununua mafuta ya kupima ilikua lini. Alichosema ni kweli nusu. Nusu ile nyengine ni kazi yenu nyinyi, na ndio naandikia.

Nianze na kakangu, manake bila yeye pengine hata mimi ningekua naambia watu wapunguze chumvi kisha naenda zangu. Alikua utingo wa malori ya makontena, pale Changamwe. Kula yake ilikua popote lori litakaposimama, chipsi na soda, usiku na mchana, na kulala ni kwenye kiti. Mwaka 2019 makontena yalipolazimishwa kupanda SGR, ile reli mpya, kwenda bara malori mengi yakaegeshwa, akarudi nyumbani mikono mitupu, akaanza vibarua vya hapa na pale, muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, wa kumuweka macho, chai na mkate. Mwaka 2022 kazi ya kutoa mizigo ikarudishwa bandarini lakini yeye hakurudi nayo. Alianguka bafuni akiwa na miaka 41, na pale alipokimbizwa ndo ilikua mara ya kwanza katika umri wake mtu kumfunga mkono akampima presha. Ilikua ishazila figo zote mbili. Sasa yuko kwenye mashine ya kuosha damu, mara mbili kwa wiki.

Yanayoniuma nayaandika moja moja.

1. Pesa mwaziweka mwisho wa safari.

Tangu SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali, iingie mahali pa NHIF ile ya zamani Oktoba 2024, kikao kimoja cha kuosha damu chalipiwa shilingi 10,650. Mara mbili kwa wiki, wiki 52, ni shilingi 1,107,600 kwa mwaka, mtu mmoja huyo. Wallahi sisemi muikate hata shilingi, ile mashine ndio uhai wa kakangu na wa wengi ninaokaa nao pale kwenye benchi tukisubiri wagonjwa wetu. Lakini hebu nisaidieni hesabu. Posho ya CHP ni 5,000 kwa mwezi, nusu ya kaunti nusu ya serikali kuu, ndivyo mlivyosema mlipotuzindua Septemba 2023, CHP laki moja nchi nzima na kila mmoja na mkoba wake. Kwa mwaka ni 60,000. Kwa hio pesa ya kumuosha damu mtu mmoja mwaka mzima yalipa CHP 18, na CHP 18 kwa nyumba mia mia ni nyumba 1,800. Nyumba 1,800 zikipimwa presha kila mara, ni wangapi hawatafika kwenye ile mashine? Mimi na mkoba wangu nshawapata wengi ambao hawakua na habari, yuaosha vyombo, yuacheka na mimi, mashine yasoma 190. Lakini stripu za sukari zikiisha zimeisha, betri nanunua mwenyewe, na nikimtuma mtu dispensari arudi na dawa ya presha yarudi ile karatasi niliyomuandikia, dawa hamna.

Na hili halikuanza jana. Utafiti wa taifa wa 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Mwaka ni 2015. Kakangu wakati huo alikua mzima, yuaruka juu ya kontena kama paka, na presha pengine alikua ashakua nayo.

2. Karai la mama karanga.

Hapa nataka mnisome polepole kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapolaumiwa bure. Ukishuka feri Likoni, ukienda Kongowea, ukipita Majengo jioni, utakuta samaki wa kukaanga, viazi karai, bajia, kachori, mahamri. Anaevikaanga na kuviuza twamuita mama karanga, na huyo ndo amelisha mji huu, na mimi mamangu mzazi amenisomesha na karai. Mafuta anayotumia yanakua meusi kama chai ya mkaa kwa sababu lita ni ghali na faida yake ni shilingi mbili tatu kwa kipande, akiyamwaga kila siku hana biashara. Anajua si mazuri, usidhani hajui. Nimemuuliza mmoja jirani yangu akanambia "dadangu, nikimwaga mafuta leo kesho namwaga na ada ya mtoto". Nikakosa jibu.

Mkaguzi akija huyu mama anaulizwa leseni, anaulizwa cheti cha afya, risiti iko wapi. Mimi nimekaa pale kibandani miaka na miaka, sijamuona hata siku moja alieinama akatazama ndani ya karai. Na sheria iko kwenu, Katiba ya 2010 Jedwali la Nne imeipa kaunti leseni na udhibiti wa wanaouzia watu chakula. Leseni mwaijua ni mapato, ifanyeni pia dawa. Anaeuza muhogo wa kuchoma, mahindi, mbaazi, matunda yaliokatwa vizuri, maharagwe, samaki wa kuchoma au wa kupaka, mpunguzieni leseni au msamehe kabisa. Anaekaanga msimfukuze, mpangieni mafuta, wakae kikundi wanunue kwa jumla bei ishuke, na yale machafu mtu ayachukue kwa malipo badala ya kurudi kwenye karai. Shirika la Afya Duniani lasema chumvi isipite gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, mama karanga gani ashawahi kuambiwa hivyo na mtu wa ofisi akiwa hajaja kumtoza?

Na wakati huo huo msimu wa maembe ukifika, maembe ya Kilifi na Kwale yaoza sokoni yarundikwa na taka, na mita mia mbili kutoka pale watoto wa chekechea wamenunuliwa krispi za shilingi kumi na juisi ya rangi. Chekechea ni zenu kaunti. Nunueni yale maembe, ndizi, mapapai, mbaazi, mnavu, mchicha, muwape watoto, mkulima apate soko na mtoto apate tumbo zuri. Sioni ugumu wake.

3. Soda na maji kikapu kimoja.

Hili ni la serikali kuu. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya 2015 ilipoanza, maji ya chupa na soda ziliwekwa kifungu kimoja, shilingi 5 kwa lita sawasawa, na juisi za matunda zikawekewa shilingi 10. Maji na soda kiwango kimoja! Yaani mbele ya ushuru, alietia sukari na asietia ni ndugu. Mexico waliweka ushuru wa vinywaji vya sukari 2014. Afrika Kusini na Uingereza wote 2018, na wao walitoza kwa kuangalia sukari ni ngapi, kampuni za Uingereza zikapunguza sukari zenyewe kabla hata ushuru haujaanza, kwa sababu zilitaka kuukwepa. Huo ndo ushuru mzuri, ule ambao mtu akiukwepa watu wanapona.

Mtasema Juni 2024 watu waliingia barabarani kwa sababu ya ushuru. Ndio, na mimi nilikua upande wao, manake mswada ule ulitaka VAT kwenye mkate na ushuru kwenye mafuta ya kupikia, vitu ambavyo maskini hana njia ya kuviruka. Soda ina njia ya kurukwa ikiwa maji safi yapo. Kisauni kwetu mfereji unatoa hewa, twanunua mtungi kwa mkokoteni, na maji ya kisima yana chumvi hata chai yakataa sukari. Mtoto mwenye kiu dukani anaona soda ya baridi na maji ya chupa bei zakaribiana, atachukua nini? Kwa hio toeni ushuru kwenye maji, uwekeni kwenye sukari, na zile pesa mzifunge kwa sheria ziende mabomba na dawa za presha. Zikiingia mfuko mkubwa wa jumla hatutaziona tena.

4. Mazoezi yafanywe wapi?

Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, ndivyo tunavyofundishwa tuwaambie watu. Sawa. Pale bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, baada ya kutengenezwa 2019, nendeni Jumapili jioni mkaone, watu wametapakaa, wazee, mabuibui, watoto na baiskeli, yaani watu wetu wakipewa mahali wanatembea bila kuhubiriwa na mtu. Sasa mtu wa Mishomoroni, wa Bombolulu, wa Mtongwe, wa Mikindani atembee wapi? Kando ya barabara pameegeshwa bodaboda, taa ziliwaka wiki ya uzinduzi, mtaro hauna kifuniko, na mwanamke saa moja jioni yuaogopa. Viwanja tulivyochezea sisi vimekua ploti. Njia za kwenda ufuoni zimezibwa kwa ukuta, ukitaka kugusa bahari uzunguke mpaka ufike kwa pablik, ule ufuo wa watu wote. Bustani, fuo na mahali pa kupumzikia, na taa za barabarani, zote zimetajwa kwenye lile Jedwali la Nne upande wa kaunti, nimelisoma mwenyewe kwa simu.

5. Muguka na vijana.

Mei 2024 kaunti ilipiga marufuku muguka na siku chache baadae korti ikasimamisha. Mimi nilifurahia ile marufuku, nasema wazi, kwa sababu naingia nyumba nakuta kijana hali, halali, meno yameisha. Lakini wale vijana ninaowapima maskani wananiuliza swali moja, nikiacha nifanye nini mchana wote. Afya yao iko kwenye kazi, na kazi ya mji huu ni bandari, bahari na wageni. Kila mkikaa kupanga mambo ya bandari mjue mwapanga na presha za watu. Sikusoma uchumi lakini hili nimeliona ndani ya nyumba yetu.

6. Bima ya mwaka mzima kwa mtu wa siku.

Alieajiriwa anakatwa asilimia 2.75 kwenye mshahara, hajui hata zimetoka lini. Mama karanga, mtu wa mkokoteni, dereva wa tuktuk wa kukodi, wao wanatakiwa walipe ya mwaka kwa mpigo mmoja. Hata yule wa chini kabisa wa 300 kwa mwezi, hizo ni 3,600 zitoke siku moja kwa mtu ambae pesa yake inaingia asubuhi na kuisha usiku. Mkaleta Lipa SHA Pole Pole, shukran, ila ule ni mkopo, na mwenye madeni ya duka hataki deni jengine. Mruhusuni alipe kwa wiki kama anavyolipa chama chake cha kuchangishana pesa. Watu wetu wa chama hawakosi wiki.

Sasa najua mtakavyonijibu, kwa sababu nshajibiwa.

Mtasema watu lazima wabadilike wenyewe, serikali haiwezi kumshika mtu mkono wakati wa kula. Kuna mkoa mmoja kule Ufini unaitwa North Karelia, miaka ya sitini wanaume wake walikua wanakufa kwa moyo wangali vijana, siagi nyingi, chumvi nyingi, sigara. Mwaka 1972 wakaanza mradi, kijana daktari anaitwa Pekka Puska ndo aliuongoza. Waliwafundisha watu, ndio, lakini hawakuishia kuhubiri, walienda kwa wenye viwanda vya maziwa, kwa watengeneza soseji wapunguze mafuta na chumvi, kwa vikundi vya kina mama wa nyumbani wakapika pamoja, na wafugaji waliokua watapoteza soko la siagi wakasaidiwa kulima matunda madogo ya porini ya kwao. Baada ya miaka kama arubaini vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilikua vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mimi jambo la yule mfugaji ndo limenikaa moyoni. Walimuona. Hawakumwambia tu acha. Mama karanga wa Likoni ndo mfugaji wetu.

Mtasema pesa hakuna. Hesabu ya namba moja irudieni. Pia viongozi wa Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya ilikuako. Na mengi ninayoomba hayataki jengo wala mtambo, ni leseni, ni bei, ni taa.

Mtasema hio ni kazi ya wale wengine, kaunti itasema Nairobi, Nairobi itasema kaunti. Ndo maana nimewaandikia wote kwa karatasi moja. Leseni, masoko, chekechea, dispensari, taa na fuo ni kaunti. Ushuru wa sukari, SHA na mambo ya bandari ni serikali kuu. Posho yetu ni nusu kwa nusu, hapo hata kusukumana hakuwezekani.

Basi ninachoomba, kwa heshima zote:

Kwanza, dawa za presha na sukari zisikosekane dispensari, na kila dispensari ibandike ukutani kila mwezi ni zipi zipo na zipi zimeisha, tusome sote. Sheria ya 2023 ya mapato ya vituo vya afya yasema pesa ambazo kituo chakusanya zibaki hapo hapo, basi zibaki kweli.

Pili, CHP tulipwe kwa wakati na stripu na betri zije kabla hazijaisha.

Tatu, mwaka ujao wa leseni uje na bei mpya, anaeuza chakula kizuri alipe kidogo au asilipe, na mama karanga waitwe kwenye meza kabla bei hazijaandikwa, sio baada.

Nne, ushuru wa soda utenganishwe na wa maji kwenye mswada wa fedha unaokuja, kwa kiasi cha sukari.

Tano, kila wadi ya Mombasa ipewe angalau njia moja ya kutembea yenye taa zinazowaka na kiwanja kimoja kilichoandikishwa kisinyakuliwe, na njia za ufuoni zifunguliwe.

Sita, SHA ikubali malipo ya kila wiki.

Na mtu mmoja anijibu kwa maandishi. Hata kama jibu ni hapana, niandikieni hapana, nijue naanzia wapi. Niko tayari kuja ofisini na daftari langu la vipimo, majina nitayafunika, muone namba za mtaa mmoja tu. Na mkitaka kuja nyinyi nitawapitisha, tuanze asubuhi kwa mama karanga tumalizie dispensari, mashine yangu ya presha nitakua nayo.

Ila kikao mkikipanga naomba kisiwe Jumanne wala Ijumaa. Hizo ndo siku zangu za kumpeleka kakangu kwenye mashine.

Wenu mtiifu,

Mhamasishaji wa afya ya jamii,
Kisauni, Mombasa